Kiputo cha Mwisho cha Kipipa

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo. Kazi nyingi, usingizi haba, lakini sijambo.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu tulipomzika bibi hatujaandikiana, na simu zetu zimekuwa za "umefika?" na "nimefika." Basi tulia, hii ni barua ya kazi tu.

Kifurushi kilichokuja na barua hii kina kitabu kizito. Kifungue taratibu, gundi bado mbichi. Ni juzuu ya kwanza ya Safari za Lori Bluu. Kampuni yetu imenunua haki ya kuchapa upya hadithi zote za lile gazeti la watoto, juzuu tatu, jalada gumu, karatasi nzuri. Watoto wa leo watamjua Dereva, na Fundi, na Mpishi mwenye masharubu, na Kipipa, yule mtoto aliyejificha kati ya magunia nyuma ya lori akaishia kuzunguka dunia. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusafisha kurasa. Naziingiza kwenye kompyuta, nafuta madoa, narudisha rangi zilizofifia, nalinganisha kila neno na muswada wa mtunzi. Na kila neno ninalolinganisha umeliandika wewe kwa mkono wako, maana wewe ndiye uliyekuwa ukijaza vile viputo vya maneno vinavyotoka midomoni mwa watu. Wewe ulikuwa ukirudi likizo kutoka kiwanda cha uchapaji na wino kwenye kucha. Mimi wino sina, nina macho mekundu.

Sasa shida yangu. Toleo la mwisho halikuwahi kutoka, kwa sababu gazeti lilifungwa kabla. Mchoraji alikuwa ameshamaliza kuchora, na mjane wake ametuletea kurasa zote. Ni nzuri mno, ila viputo vyote ni vitupu. Mhariri mkuu anataka tuvijaze kwa herufi za kompyuta. Mimi, yaani sisi hapa ofisini, tumeona ingependeza maneno ya mwisho yaandikwe na mkono uleule wa mwanzo. Utaweza?

Mwanao

15 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti halijapunguza ukorofi, limeongeza. Mengine yote mazima isipokuwa mkono wa kulia, nitaufikia. Fundi cherehani wa chumba cha mbele anakusalimu. Anasema kwenye picha umekonda. Nimemwambia picha ni ya zamani, sikumwambia kwamba mpya sina.

Kitabu nimekipata. Nilikinusa kwanza, kama nilivyokuwa nikifanya kiwandani kila toleo lilipotoka moto. Karatasi nzuri, kwa kweli. Na rangi, hongera. Lile lori sasa ni la bluu, enzi zetu lilikuwa likitoka la kijani wiki moja na la zambarau wiki nyingine, kutegemea mtu wa mashine ameamkaje.

Lakini hebu niambie, Mpishi amewakosea nini? Mbona mmemkata ulimi?

Nimefungua pale daraja linapokatika. Kipipa ananing'inia kwenye kamba, mto unanguruma chini, Dereva anapiga kelele "Shikilia!" Naye Mpishi yuko pembeni na mwiko wake, mdomo wazi, na juu ya kichwa chake kuna mawingu. Mawingu! Pale palikuwa na kiputo, binti yangu. Nilikiandika mimi. Nimepekua kitabu kizima, mahali ni pengi, mtu wa watu amesimama mdomo wazi kama anasubiri kung'olewa jino.

Kuhusu hayo maneno ya mwisho, hapana. Mkono unatetemeka. Kikombe cha chai nakijaza nusu ili nisijimwagie. Wekeni hizo herufi zenu za kompyuta, hazina mishipa.

Mama yako

23 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole kwa mkono. Hukuniambia. Wala sikukuuliza, najua. Umemwona daktari?

Kuhusu Mpishi, usiwalaumu wenzangu. Nilimfuta mimi. Nilipopewa kazi hii nilipewa na kanuni moja: kitabu kitoke kama mtunzi alivyokiandika. Muswada wake upo mezani kwangu, umepigwa kwa taipu, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Na pale darajani Mpishi hana neno hata moja. Lakini kwenye gazeti lililochapwa anasema, "Kipipa, umeosha nyuma ya masikio?"

Mama, mtoto ananing'inia juu ya mto, halafu mtu anamuuliza habari za masikio! Nikadhani kuna mtu kiwandani alikuwa akifanya mzaha. Nikaendelea kulinganisha, nikaona mzaha umejaa kila toleo, na siku zote ni Mpishi. Sikatai, nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpenda kwa ajili ya maneno hayohayo, na kuyafuta kuliniuma kidogo. Lakini kanuni ni kanuni. Nikafuta kiputo, nikachora mbingu juu yake. Juzuu ya kwanza ndiyo hiyo imeshachapwa. Ya pili nimefika katikati.

Ulikuwa ukiandika ulichopewa, hilo nalijua. Nani alikuwa akikupa hayo ya Mpishi? Mchoraji? Nikijua ni nani nitatulia.

Mwanao

5 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Daktari nimemwona. Ameniambia nipunguze chumvi. Mkono unatetemeka yeye anazungumzia chumvi. Basi, napunguza.

Hakuna aliyenipa. Mpishi nilimwandikia mimi.

Ngoja nikueleze kazi ilivyokuwa, maana nyie mnaona kitabu mnadhani watu walikaa mezani wakakubaliana. Mtunzi alikuwa mkono wa birika kwa maneno. Alikuwa akikupa "Shikilia!" na "Twende!" basi, siku imeisha. Mchoraji naye alikuwa hasubiri muswada. Alikuwa akichora na viputo vyake mapema, vikubwa kama masufuria, kila mtu na chake, hata asiye na la kusema. Kurasa zinafika mezani kwangu jioni, mashine inawashwa asubuhi. Mchoraji kashaenda zake, mtunzi hapatikani, na mimi nina Mpishi mwenye kiputo kitupu. Kukifuta ni kuchora upya nusu ya picha, na mimi si mchoraji. Kukiacha kitupu, msimamizi angenitoa roho. Nikawa nakijaza. Maneno ya kawaida tu, ya nyumbani. Mtunzi alipoyaona mara ya kwanza alicheka, akasema acha, watoto watapenda. Hakuyaandika kwenye muswada wake kwa sababu hayakuwa yake.

Basi ndiyo hivyo. Wala usinitafutie sababu nyingine. Kiputo kilikuwa kitupu, nikakijaza.

Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo sijauliza afya kwanza, nisamehe, nitauliza mwishoni.

Barua yako niliisoma ofisini nimesimama. Wenzangu walipotoka kwenda kula nikatandaza magazeti yote ya zamani sakafuni, toka mlangoni mpaka dirishani, nikapiga magoti na kuanza kumsoma Mpishi peke yake. Sijawahi kumsoma hivyo. Wakati wa utoto nilikuwa nikimfuata Kipipa, na kazini nilikuwa nikifuata muswada.

Wanapovuka jangwa, jua kali, Fundi kavua shati, Mpishi anasema, "Vaa sweta la njano, si lile lenye tundu." Mama, nani anavaa sweta jangwani?

Mimi nilikuwa na sweta la njano.

Majambazi wamelizunguka lori, Mpishi anasema, "Na kiatu cha kushoto umekiacha wapi tena?" Kipipa havai viatu! Toka toleo la kwanza mpaka la mwisho yuko peku. Mimi ndiye niliyepoteza kiatu cha kushoto mtaroni, bibi akanichapa na cha kulia.

Halafu pangoni: "Kikohozi hicho kinataka maji ya moto, si peremende." Katika hadithi nzima hakuna anayekohoa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikataa kuoga? Ni Mpishi aliyenifanya nioge. Kila gazeti lilipokuja nilikuwa nikisoma maneno yake, nanyanyuka, nakwenda kwenye ndoo. Nilikuwa nikiamini ananiona. Sikumwambia mtu, niliona haya. Wala sikufikiri hata siku moja kwamba mama anaweza kuwa na masharubu.

Siku tuliyomzika bibi nilikuambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye mama yangu, na wewe ulikuwa mgeni wa likizo. Hukunijibu. Ulichukua mkoba wako ukaondoka.

Sasa nakuuliza, na usinipe habari za masufuria. Ulikuwa ukisema na mimi?

Unaendeleaje na mkono?

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naona umenyamaza. Nimempigia fundi cherehani, amesema u mzima, unakula, ila umefunga mlango na hutaki wageni. Basi sitabisha hodi kwa nguvu. Nakupa habari tu.

Nimerudisha maneno yote ya Mpishi kwenye juzuu ya pili. Mbingu nilizochora nimezifuta, viputo vimerudi mahali pake. Mhariri mkuu aliona, akaniita. Akaniuliza kanuni iko wapi. Nikamwambia mtunzi mwenyewe alicheka akasema acha. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia aliyeandika yu hai, nina barua yake, na ni mama yangu. Akasema yeye alipokuwa mtoto alikuwa akigombana na kaka zake nani asome sehemu za Mpishi kwa sauti, na juzuu ya kwanza ilipotoka alihisi kuna kitu kimepungua, akadhani ni uzee. Kwa hiyo yamepita. Juzuu ya kwanza nayo itasahihishwa ikichapwa tena.

Lakini kuhusu kurasa za mwisho hakulegea. Mwezi huu ukiisha bila maandishi yako, ataweka herufi za kompyuta. Nakala za kurasa nakutumia hata hivyo, na muswada, na kalamu yako ya kuchovya wino, ile yenye nibu pana. Niliikuta kwenye kabati la bibi, imefungwa kwenye kitambaa. Usipoandika, baki nayo, ni yako.

Nilichokuuliza bado nakiuliza.

Mwanao

19 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, tena marahaba ya ile barua ya kabla yake, nilikuwa sijaiitikia.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilikuwa nafanya mazoezi. Fundi cherehani mmbea alikuambia nimefunga mlango, hakukuambia kwamba ndiye aliyenishonea kimto cha kulalia mkono, kimejazwa vipande vya vitambaa. Nikiulaza hapo, mara tu baada ya kuamka, kabla haujakumbuka kwamba ni mgonjwa, unatulia kidogo. Kiputo kimoja, basi. Kesho kingine. Kurasa nyingi nimezitupa, na maneno niliyoutukana mkono huu hayaandikiki kwenye gazeti la watoto. Nikapata herufi zinazosomeka. Si kama zamani, zina mawimbi. Mwambie mhariri wako lori lilikuwa linapita barabara mbovu.

Sasa swali lako.

Kiwandani kulikuwa na simu moja, koridoni, ukutani, na nyuma yako kuna foleni ya watu wanaopiga chafya kukuharakisha. Bibi yako alikuwa akinipigia kutoka dukani. Alikuwa mtu wa maneno machache kama mtunzi. Anasema "Haogi." Au "Anakohoa." Au "Kiatu kimepotea." Halafu anakata. Na mimi narudi mezani na neno hilo moja kichwani, nimezungukwa na makopo ya wino, na mtoto wangu anakohoa mahali ambapo siwezi kumfikia. Ningekuandikia barua, ndiyo, na nilikuandikia. Ulikuwa huzisomi. Bibi yako alinieleza, ulizikunja ukatengeneza ndege. Lakini gazeti ulikuwa ukilisoma mpaka linachakaa.

Kwa hiyo ndiyo. Nilikuwa nikisema na wewe.

Na nilikuwa nikijua ni upuuzi. Toka nilipoandika mpaka gazeti likufikie huko kwa bibi yako, wiki zimepita. Kikohozi kimeshapona, mwenzangu unaruka kamba, ndipo Mpishi anakuja kukuambia unywe maji ya moto. Nilikuwa nikicheka peke yangu pale mezani. Kucheka kwenyewe si sana.

Gazeti lilipofungwa nikarudi nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa na furaha mpaka miguu inauma. Wewe ukatoka ndani, ukanisalimia vizuri sana, ukaniletea kile kiti kizuri cha wageni, ukakipangusa vumbi, ukaniambia karibu. Nikakaa. Ningefanya nini? Kwa hiyo siku ya msiba uliponiita mgeni, hukunijeruhi upya, uligusa palepale. Na sikukujibu kwa sababu ulikuwa na haki, si haki yote, lakini ulikuwa nayo. Nilikwenda kutafuta riziki yako na riziki ikanichukua nzima. Sitaomba radhi kwa kufanya kazi. Ila nilikukosa kila siku, na hilo ulipaswa kuambiwa na mimi, si na mtu mwenye masharubu.

Kurasa hizi hapa. Zishike kwa kingo.

Utaona picha ya mwisho kabisa. Lori limesimama, safari imekwisha, Mpishi na Kipipa wamekaa kwenye ngazi ya nyuma wanatazama barabara waliyotoka. Muswada hauna neno pale. Lakini unamjua mchoraji wetu, kaweka viputo viwili, vikubwa. Cha Mpishi nimekijaza, nimemwuliza Kipipa lile swali lake la siku zote, nyuma ya masikio. Cha Kipipa nimekiacha.

Fungua matoleo yote uangalie. Kipipa hajawahi kumjibu Mpishi hata mara moja. Anamjibu Dereva, anambishia Fundi, Mpishi anamwacha anasema peke yake. Nilikuwa siwezi kumjibia. Ningejuaje atasema nini?

Jaza wewe. Kwa nibu, si kompyuta.

Mama yako

27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila macho yamevimba, na safari hii si kompyuta.

Mhariri mkuu alizipitia kurasa zako polepole, mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema, "Zina mawimbi." Nikamwambia barabara mbovu. Akasema, "Ziende hivyohivyo." Nimemkumbatia, ameshtuka maskini, si mtu wa kukumbatiwa.

Kile kiti nakikumbuka. Mimi nilikuwa nakuheshimu, mama. Bibi alinifundisha kwamba mtu unayemtamani sana aje, akija unampa kiti kizuri. Sikujua kwamba mama anakaa popote. Kama ningejua ningekuketisha jikoni, kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mimi ubavuni pako.

Kiputo cha Kipipa nimekijaza kwa nibu iliyobaki hapa ofisini kwa mtunza stoo, maana yako nilikuwa nimeshakutumia. Nilijaribu kwanza kwenye karatasi chakavu mpaka pipa likajaa. Sijui ulikuwa ukifanyaje hivi kurasa nzima, usiku mashine zinasubiri. Wino ulinidondoka kwenye kidole, umeingia chini ya kucha na hautoki. Sijausugua.

Nilifikiri nitaandika maneno mengi. Nilikuwa nayo, ya kujaza lori. Lakini kiputo kilipokuwa mbele yangu, Kipipa alikuwa na la kusema moja tu. Utaliona juzuu ya tatu ikitoka. Sikuambii sasa. Nawe ulinifanya nisubiri wiki kadhaa kwa kila neno, basi zamu yako.

Mwanao

30 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mkono ni uleule, goti ni lilelile, chumvi imerudi kidogo, usimwambie daktari.

Juzuu ya tatu imefika. Sikuinusa, nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

"Nimeosha. Na nyuma pia."

Nimekaa nayo tangu asubuhi. Fundi cherehani amekuja mara tatu kuuliza kama kuna msiba. Nimempa asome, ameona maneno ya mtoto anayeoga, akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nimemwacha. Nimelia, binti yangu, nimelia vizuri, kama mtu anayeitikiwa hodi baada ya kubisha miaka yote ile.

Sasa kazi. Herufi zako hazilingani kimo, S imelala kama mlevi, na kituo umekiweka kikubwa kama kifungo cha koti. Nibu hiyo unaishika kwa nguvu mno. Njoo Jumamosi nikuonyeshe. Usilete kitu. Kiti cha wageni hapa hakuna, nimekigawa, utakaa kitandani na mimi.

Masikio nitayakagua mwenyewe.

Mama